Futi ya mzee na kampuni inayouza majina

Nilipokua na miaka 12 niliharibu futi ya baba. Naongelea ile futi ya kuvuta, ya bati, unayoiachia inarudi ndani yenyewe kwa kasi mpaka inakuchapa kidole, na ndo ilikua kifaa pekee cha kazi ambacho baba hamkopeshi mtu, msumeno anatoa, randa anatoa kwa shingo upande, futi hatoi. Sasa siku moja nikaishika nikaona kale kandoano ka mbele kanacheza, ukikagusa kanaenda mbele kidogo kanarudi nyuma kidogo, nikajua tayari hapa ribiti zimelegea. Nikajifanya fundi. Nikalaza ncha juu ya kipande cha chuma, nikagonga zile ribiti na nyundo mpaka ndoano ikatulia tuli, nikairudisha mahali pake huku najisikia mtu wa maana kweli.

Wiki ileile baba alikua anatengeneza kabati. Mbao zote za rafu zikatoka fupi. Sio fupi ya kuonekana kwa mbali, ni milimita 1 tu, lakini seremala ukimwonyesha milimita 1 pembeni ya rafu ni kama umemwonyesha shimo.

"We, nani kashika futi yangu?"

"Mimi baba. Ndoano ilikua imelegea, nikaikaza."

Akakaa kimya, yule mzee akikaa kimya ujue bora angepiga kelele. Afu akasema, "Haijalegea. Inacheza makusudi. Njoo na ile mbao."

Akanionyesha. Ndoano ina unene, tuseme milimita 1. Ukiipachika kwenye ukingo wa mbao ukavuta, inatoka mbele kwa unene wake, kwahiyo sifuri inakaa upande wa ndani wa ndoano. Ukiigotesha ukutani kupima ndani ya kitu, inarudi nyuma kwa unene uleule, sifuri inahamia upande wa nje. Ule mchezo ndo unaofanya futi iseme ukweli pande zote mbili. Mi niliigonga ikiwa imerudi nyuma, basi kila alipopachika na kuvuta futi ilikua inamwongezea milimita 1 ambayo haipo, anasoma 600 mbao ni 599, anakata.

Sijawahi kuisahau ile siku na nadhani ndo chanzo cha ugonjwa wangu, manake mi sio seremala, kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta, lakini watu wakiwa wanafuatilia mpira mi nafuatilia kampuni za vifaa vya ufundi. Nani kamnunua nani, nani kauza nini, nani kabadilisha rangi. Na futi ya mzee ilikua ya njano imeandikwa Stanley, kwahiyo nilianzia hapohapo. Nilidhani nitasoma habari za vyuma, nikakuta stori ni ya majina.

Kwanza tuweke vizuri jambo moja kabla mtu hajauliza. Vile vikombe vikubwa vya Stanley vya kushika na mkono, vilivyotrendi mitandaoni, havihusiani kabisa na futi. Chanzo chake ni chupa ya kutunza joto iliyoanza 1913 na mtu aitwaye William Stanley Jr., na jina la vile vikombe liko chini ya kampuni nyingine kabisa iliyoko Seattle. Stanley wa futi ni mwingine. Jina moja, nyumba mbili, na watu kibao wanadhani ni kitu kimoja. Shika hilo.

Stanley wa futi anaitwa Frederick Stanley, mwaka 1843, mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, Marekani. Alianza na komeo za milango. Ukisoma kwa haraka lile neno la Kiingereza "bolt" unaweza ukadhani ni bolti za nati na spana, hapana, ni komeo, zile za kusukuma mlango ufunge, baadae akaongeza bawaba. Miaka 14 mbele, 1857, binamu yake Henry Stanley nae akafungua kampuni yake katika mji huohuo, ya rula na pima maji. Kwahiyo New Britain ikawa na kampuni mbili za Stanley, ndugu, jina moja, vitu tofauti, zikaishi hivyo zaidi ya miaka 60 mpaka 1920 zilipoungana. Ni ile ya binamu ndo ilileta sifa kwa mafundi, manake 1869 ilinunua hataza (yaani haki za kisheria za ubunifu) za Leonard Bailey, jamaa aliyeunda randa ya chuma yenye skrubu ya kupandisha na kushusha kisu, na kama umewahi kuona randa namba 4 kwenye meza ya seremala yeyote, iwe ya Stanley iwe ya kuigiza, umbo lile limetokea huko.

Na futi yenyewe? Hata hiyo Stanley hawakuibuni. Ile tepu ya bati yenye mkunjo kidogo kama mfereji, ambayo ukiivuta inasimama hewani haipinduki, ni ya Hiram Farrand, alipata hataza 1922, na Stanley wakamnunua 1931. Wao walichofanya ni kuiboresha na kuisukuma sokoni, 1963 wakatoa PowerLock, yenye kile kitufe cha kuizuia isirudi, ndo baba wa futi zote za kisasa. Umeona mtindo? Komeo wameanza wao. Randa wamenunua. Futi wamenunua. Na vyote vimeandikwa Stanley, na wewe fundi huna sababu ya kujua.

Sitaki ionekane nawasema vibaya. Kununua ufundi wa mtu na kuufanya uwafikie mamilioni nayo ni kazi. Na hesabu zao zilikua za kaka mkubwa, wamelipa gawio kwa wenye hisa kila mwaka tangu 1877, vita vimekuja vimepita, mdororo wa miaka ya 30 umekuja umepita, gawio linatoka. Mara moja tu nilipowasoma niliinua nyusi, ni 2002, kampuni ya Connecticut ya zaidi ya miaka 150 ikataka kuhamisha makao yake makuu ya kisheria kwenda Bermuda ili ipunguze kodi, mitambo inabaki, wafanyakazi wanabaki, karatasi tu ndo zinapanda meli. Watu wa New Britain waliwaka, wanasiasa wakawaka, Agosti mwaka huohuo wakaachana na mpango.

Sasa twende upande wa pili wa ukoo, Black & Decker, kampuni ambayo baadae ilikuja kuungana na Stanley. Baltimore, 1910, vijana wawili, Duncan Black na Alonzo Decker. Black aliuza gari lake dola 600 apate mtaji. Walianza na kutengeneza mashine za wengine, mashine ya vifuniko vya chupa za maziwa, mashine ya kuchovya pipi, chochote kilichokuja mlangoni. Kilichowatoa ni drili. Drili za umeme zilikuwepo tayari lakini zilikua mizigo, unaishika kwa mikono miwili, swichi iko mbali na mkono. Wao wakaiwekea mpini kama wa bastola na triga mahali kidole kinapokaa chenyewe, hataza ikatoka 1917. Shika drili yoyote leo, ya bei rahisi ya bei mbaya, umeshika ile hataza.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote kwa hawa watu kiko vita vya pili vya dunia. Viwanda vya ndege na silaha vikawa vinaagiza drili mpya kila mara kuchukua nafasi ya zilizopotea, drili zinapotea tu. Kampuni zingine zingeajiri mlinzi. Hawa wakajiuliza zinakwenda wapi, jibu likawa nyumbani, wafanyakazi wanaondoka nazo wakarekebishe rafu na madirisha yao. Decker mdogo, mtoto wa yule wa kwanza, akaona hapo kuna soko ambalo halijawahi kuwepo, mtu asiye fundi anaetaka drili kwake. 1946 wakatoa vifaa vya bei nafuu vya nyumbani. Yaani wizi ndo ulikua utafiti wa soko, na kwa maoni yangu haijawahi kufanyika tafiti nzuri zaidi ya ile.

Wakaendelea. 1961 drili ya betri isiyo na waya. 1971 wanaanga wa Apollo 15 wakatoboa udongo wa mwezini kwa drili iliyotokana na kazi yao. 1979 kile kifagio kidogo cha kunyonya vumbi, Dustbuster. Na 1984 wakafanya kitu kilichoonekana cha akili sana, wakainunua biashara ya vyombo vidogo vya nyumbani ya General Electric, tosta, pasi, mashine za kahawa, wakabandika jina la Black & Decker.

Hapo ndo jina lilipoanza kuwauma.

Hebu jiweke kwenye viatu vya fundi wa ujenzi. Uko juu ya kiunzi na wenzako, unatoa drili kwenye tulboksi, imeandikwa jina lilelile lililoko kwenye pasi ya mke wako. Utataniwa mpaka jioni. Kufika mwanzo wa miaka ya 90 Makita ya Japani ilikua imebeba karibu nusu ya soko la mafundi wadogo wadogo Marekani, Black & Decker haifiki asilimia 10, na kinachouma zaidi ni kwamba utafiti wao wenyewe ulionyesha mashine zao hazikua mbaya, ubora ulikua palepale na wa wengine. Chuma kizuri. Motor nzuri. Jina ndo bovu, na sio bovu kwa watu wote, ni bovu kwa mtu huyu tu, nyumbani linapendwa.

Wangefanyaje? Kuongeza ubora hakusaidii, ubora upo. Wakaenda stoo. 1960 walikua wamenunua kampuni iitwayo DeWalt, ya Raymond DeWalt, jamaa aliyebuni miaka ya 20 ule msumeno wa umeme unaoning'inia kwenye mkono wa chuma, msumeno mmoja mkubwa wa mezani ambao maseremala wa zamani waliuheshimu sana. Jina lilikua limekaa tu. Wakalitoa, wakalifuta vumbi, wakachagua njano na nyeusi, njano ile ya alama za tahadhari inayoonekana kutoka ng'ambo ya pili ya site, na 1992 wakazindua DeWalt kama familia nzima ya vifaa vya mafundi. Juu ya kifaa hakuna neno Black wala Decker. Fundi aliyekua anaikataa drili ya Black & Decker akaikimbilia ya DeWalt, kutoka kwa kampuni ileile. Ndani ya miaka michache ikawa moja ya majina makubwa ya ufundi duniani na mpaka leo ndo roho ya kampuni.

Nimeirudia stori hii mara nyingi nikijaribu kuona nani kadanganywa na bado sijapata jibu linaloniridhisha. Fundi hakupewa kitu kibaya. Alipewa kitu kizuri chenye jina linalomruhusu kukinunua.

Afu mambo ya kuchekesha. 1998 wakaiuza biashara ya tosta na pasi, Windmere wakaichukua pamoja na ruhusa ya kutumia jina. Kwahiyo ukinunua leo tosta ya Black+Decker, imetoka kwa kampuni nyingine inayokodi jina, na drili ya Black+Decker imetoka kwa wenye jina. Zinakaa rafu tofauti duka moja, kama wale Stanley wawili wa New Britain ila hawa sio binamu hata.

Novemba 2009 Stanley na Black & Decker wakatangaza ndoa, Machi 2010 ikafungwa, kwa kubadilishana hisa tupu bila pesa taslimu, thamani kama dola bilioni 4.5. Stanley Black & Decker. Vya mkono na vya umeme chini ya paa moja, na toka hapo mkono wa kununua haukutulia. 2017 peke yake walichukua biashara ya vifaa ya kampuni ya Newell, ndani mna majina kama Irwin na Lenox, kwa dola bilioni 1.95, na mwaka huohuo wakachukua Craftsman.

Craftsman lazima nikae kidogo. Hili jina lilikua la Sears, lile duka kubwa la Marekani, tangu 1927. Na Sears hawakuwahi kuwa watengenezaji wa spana, walikua wanaagiza kwa viwanda tofauti tofauti miaka nenda rudi, wao wanatia jina na ahadi: kifaa cha mkono kikivunjika, rudisha, chukua kingine, maisha yote. Watu walilelewa na ile ahadi, baba anamwachia mtoto boksi. Sears ilipoanza kuzama ikauza jina, mpango mzima kama dola milioni 900, sehemu taslimu, sehemu baada ya miaka 3, sehemu gawio la mauzo kwa miaka 15. Kwa maana nyingine Stanley Black & Decker walinunua kumbukumbu za watu kuhusu baba zao. Sears wakabaki na ruhusa ya kuuza za kwao kwa muda, wakatangaza kwamba wao ndo nyumbani halisi kwa Craftsman, na 2019 mwenye jina akampeleka aliyemuuzia jina mahakamani kwa sababu ya hiyo kauli. Sijui kama kuna kesi ya Kiswahili kuliko hiyo, ni kama kumuuzia mtu shamba afu unakaa kwenye mwembe unawaambia wapita njia hapa kwetu.

Mwaka huohuo 2019 walitangaza kiwanda cha Craftsman pale Fort Worth, Texas, dola milioni 90, cha mitambo ya kisasa ya kujiendesha, spana na soketi zifuliwe Marekani tena. Watu wa jina lile walifurahi jamani. Machi 2023 wakatangaza kinafungwa. Hapo ndo unaona kwamba jina unaweza kulinunua kwa sahihi na hundi, lakini ufundi wa kufua soketi nyingi kwa bei ya kushindana hauji na hundi, mtambo unatakiwa ukubali, joto likubali, mtu anaejua mtambo umekohoa kwanini awepo.

Na betri je? Hapa nitalalamika kidogo, nivumilieni.

Niliwahi kununua drili, sitaitaja ya nani, njano haikua wala nyekundu haikua. Drili nzuri kabisa, nikafungia mapazia, nikafungia rafu, nikaanza kujiona mzee mwenyewe. Miaka kadhaa baadae niko katikati ya kazi, tundu 2 zimetoboka, 2 bado, betri ikagoma, nikaichaji, taa nyekundu inapepesa, haipokei. Nikaenda kutafuta betri mpya nikaambiwa mfumo ule kampuni imeshaachana nao, betri za sasa hazipachiki. Nikaifungua ile ya zamani (usinifuate kwa hili, lithiamu ikikasirika inawaka na hutaizima kwa maji ya kikombe). Ndani nikakuta seli 10 zimepangwa jozi 5. Jozi 4 zinasoma vizuri. Jozi moja imekufa, kwahiyo ile saketi ya ulinzi inakataa kuchaji zote. Drili nzima, motor nzima, gia nzima, jozi moja ya seli imeigeuza kuwa kizuizi cha karatasi.

Toka siku ile nikaelewa biashara ya vifaa vya umeme ya leo. Drili ni mlango tu. Ukishanunua betri mbili na chaja za rangi fulani, grinda utanunua rangi hiyohiyo, msumeno rangi hiyohiyo, taa rangi hiyohiyo, mara nyingi kifaa kinauzwa kitupu bila betri na kinakua rahisi, unaona umeokoa, kumbe umezidi kujifunga. Kampuni ikikupata na betri imekupata kwa miaka. Ndo maana vita ya rangi ni kali hivi. Techtronic ya Hong Kong, iliyoanza 1985, ilinunua Milwaukee 2005 na inatengeneza Ryobi pia, Milwaukee nyekundu kwa fundi, Ryobi kijani kwa mtu wa nyumbani, na betri ya nyekundu haiingii kwenye kijani. Kwa Stanley Black & Decker vilevile, betri ya DeWalt ya volti 20, ya Craftsman ya volti 20, ya Black+Decker ya volti 20, zote za nyumba moja, hazibadilishani kama zinavyokuja. Kemia ileile. Kinachotofautiana ni vijino vya plastiki na nani anaruhusiwa kukaa na nani.

Na hizo volti 20 zenyewe. Ndani mna seli 5 mfululizo, kila moja volti 3.6 kikawaida, piga hesabu, ni 18. Ikitoka kwenye chaja mbichi kila seli inafika kama 4, hapo ndo 20 inapotokea, kwa muda mfupi kabla hujabonyeza triga. Ulaya DeWalt yenyewe inaandika 18 kwenye betri ya aina hiyohiyo. Sio uongo, kwa maandishi madogo wanakueleza. Lakini weka 18 na 20 kwenye rafu moja uone mkono wa mteja utaenda wapi.

Rafu ndo mfalme mwingine. Wateja wakubwa wa kampuni hii sio mimi na wewe, ni maduka makubwa ya vifaa ya Marekani, Home Depot na Lowe's, wawili hao wakikohoa kampuni inapata homa. Craftsman ilipelekwa Lowe's kwa nguvu, wakati Ryobi ilikua imeshakaa Home Depot. Unatengeneza kitu, ndio, lakini umetengeneza ili kijaze mita fulani za ukuta wa mtu mwingine.

2020 na 2021 watu walikaa nyumbani, kila mtu akawa seremala, mauzo yakapaa, 2021 yakazidi dola bilioni 15, wakaagiza mali kama hakuna kesho, wakanunua na MTD ya mashine za kukata nyasi. 2022 watu wakarudi kazini, drili wanayo tayari, mtu hanunui drili kila mwaka. Mali ikajaa stoo, hisa iliyokua juu ya dola 200 mwaka 2021 ikamaliza 2022 chini ya dola 80. Mkurugenzi akabadilishwa, wakatangaza kubana matumizi kwa dola bilioni 2, na minada nayo ilikua imeshaanza. Ulinzi na kamera wakawauzia Securitas dola bilioni 3.2, milango ya kujifungua yenyewe ikaenda Allegion, vifaa vya bomba la mafuta vikaondoka, viambatisho vya kuvunjia zege wakawapa Epiroc 2024. Kampuni iliyokua kila mahali ikarudi kwenye tulboksi.

Kipande ambacho hakizungumzwi sana na mi nakipenda ni ribiti. Black & Decker waliponunua kampuni ya Emhart 1989 kwa dola bilioni 2.8 na kujitwisha deni la kutisha, ndani yake kulikua na biashara ya ribiti za POP na vifungio vya viwandani, na zaidi ya miaka 30 vifungio hivyo vimeendelea kuingia kwenye bodi za magari bila mteja wa mwisho kujua jina. Gari lako lina mamia ya vitu vidogo vinavyoshikilia waya na mabati, hakuna anaechagua gari kwa rangi ya ribiti. Huko hakuna jina la kuuza, kuna kipimo tu, inashika au haishiki. Katika hadithi yote hii ndo pembe pekee niliyokuta chuma kinajisemea chenyewe.

Na pamoja na Emhart zilikuja kufuli za Kwikset. Desemba 2012 Stanley Black & Decker wakaziuza kwa Spectrum Brands, dola bilioni 1.4, na kwenye kifurushi hichohicho wakatia biashara yao ya vifaa vya milango. Bawaba. Komeo. Kile Frederick alichofungulia karakana 1843 kikaondoka ndani ya boksi la kufuli za watu wengine. Jina likabaki, kitu kilichozaa jina kikauzwa. Nilivyolisoma hilo nililisoma mara mbili.

Juzi nikampigia baba, futi bado anayo, alizichimbua zile ribiti akaweka zake na ndoano inacheza kama zamani. Nikamweleza yote, randa sio yao, futi walinunua, njano ya DeWalt ilitoka stoo, Craftsman ni ya duka lililokufa, na bawaba wameshauza. Nikaongea dakika nzima bila kupumua.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa mwanangu. Na ile milimita yangu utanirudishia lini?"